Doa Jeupe Kinywani mwa Shemeji Sifa

Mimi nimepona. Nalisema mwanzoni kwa sababu najua mtu mwenye kidonda kama changu akishika maneno ya namna hii anatafuta hilo tu, anaruka mistari mpaka alipate. Umelipata. Sasa kaa kitako, maana ninayo mambo ya kukusaidia, na ninalo jingine ambalo si zuri kwangu. Shemeji yangu Sifa alikuwa na kidonda kama hicho hicho. Mimi nilitibiwa mapema, yeye alichelewa, na aliyemchelewesha ni mimi.

Naitwa Assani. Ni mwalimu wa darasa la tano hapa Kasongo, ingawa kwetu ni Kabambare. Kabla ya kushika chaki nilichimba dhahabu Salamabila kwa miaka mitatu, na huko ndiko nilikojifunza kuweka tumbaku kati ya shavu na ufizi. Ndani ya shimo huvuti sigara, moshi utawasumbua wote. Basi unaweka kitonge kidogo cha tumbaku iliyotwangwa na majivu ya maganda ya ndizi, unakisahau hapo, na njaa nayo inakusahau. Nilipotoka Salamabila dhahabu sikuwa nayo. Tumbaku nilirudi nayo.

Hapa Kasongo tumbaku yangu ilitoka kwa Sifa, mke wa kaka yangu mkubwa, Yaya Amisi. Alikuwa na meza yake sokoni. Majani aliletewa kutoka Kabambare, akayatwanga mwenyewe, na kabla ya kuyapeleka mezani aliweka kidogo katika shavu la kushoto ili ajue kama majivu yametosha. Wateja walimwamini kwa sababu hiyo. Kwetu mdogo wa mume na mke wa kaka ni watu wa kutaniana. Yeye aliniita bwana mudogo, mimi nilimwita bibi yangu, mbele ya Yaya Amisi mwenyewe, naye alicheka tu. Katika utani huo anayekasirika ndiye ameshindwa, na anayeuliza jambo kwa uzito mbele ya watu anajitafutia kuchekwa.

Ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga, ukoo mzima umekusanyika uani kwa Yaya Amisi kupura. Tulikuwa tumemaliza kula. Sifa alikuja akachuchumaa karibu yangu.

“Mwalimu,” akasema. Hakuniita bwana mudogo, nami ningetakiwa kulisikia hilo. “Uangalie mu kinywa yangu. Kuko kitu upande huu. Nikikula pilipili, iko inaniuma sana.”

Akafungua kinywa kuelekea kwenye jua. Ndani ya shavu la kushoto niliona doa jeupe, pana kama ukucha wa kidole gumba, lenye mikwaruzo pembeni, na katikati yake wekundu kidogo. Nililiona vizuri kabisa. Kisha niligeuka kwa watu.

“Mukuje muone,” nikasema. “Kumbe bugali yetu inaisha sababu ya bibi yangu huyu. Bunga ingali mu shavu, hata kumeza hajamaliza.”

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akashika mbavu. Sifa naye alicheka, maana kutocheka kungekuwa kushindwa. Lakini alifunga kinywa, na tangu siku ile alicheka huku ameweka kiganja mbele ya midomo. Baada ya wiki sokoni wakawa wanamwita Mama Bunga, yaani Mama Unga. Jina hilo nililitengeneza mimi, na siku za kwanza nilijisikia hodari.

Ukidhani kosa langu ni utani, bado hujanijua. Doa lile nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalo langu, shavu la kulia, tangu mvua za kwanza. Kila asubuhi nilivuta shavu kwa mpini wa kijiko mbele ya kioo cha kunyolea na kujiambia limepungua. Nilipoona la Sifa niliona jinsi langu litakavyokuwa. Niliogopa, na mimi nikiogopa hutania. Feza, mke wangu, anajua hivyo, ndiyo maana siku ile yeye peke yake hakucheka.

Wiki tatu baadaye redio ilitangaza kwamba madaktari wamekuja hospitalini na taa ya kutazama vidonda vya kinywa, na kwamba mwenye kidonda kisichopona aende. Nilimwambia Feza naenda kusahihisha mitihani, nikavaa koti, nikaenda. Hata sasa sijui koti lilikuwa la nini.

Barazani kulikuwa na mabenchi mawili. Ukiwahi kukaa pale utajua: watu wote wanatazama mbele, hakuna anayetazama kinywa cha mwenzake. Mama mmoja alikuwa amefunga shavu kwa kitambaa na nzi hawakumpa nafasi. Mzee mmoja wa Nyangwe, mvuvi, alikuwa akitema katika kopo na kuomba radhi kila anapotema. Niliwatazama kwa pembe ya jicho nikajipa moyo kwamba mimi si kama wao. Tulikaa tangu asubuhi mpaka watoto wa shule wakapita kurudi nyumbani. Nakushauri uende na kitu laini cha kula, ndizi iliyoiva au uji, na usiogope kukila pale. Aliyenifundisha hivyo ni muuguzi, Mama Adela, aliyenipa nusu ya papai lake bila kuniuliza jina.

Daktari alikuwa mwanamke kutoka Bukavu, mpole, asiyeinua sauti. Alikata kipande shavuni, kidogo kama punje ya mchele, akasema kitapelekwa Bukavu kuchunguzwa. Nilingoja jibu mpaka tukang'oa karanga. Huo ndio ulikuwa wakati mbaya kuliko dawa yenyewe. Nyumbani nilinyamaza sana, nikawa natoka bila kueleza, na Feza akafikiri nina mwanamke mwingine. Alinitengea chakula na kukaa mbali. Jioni moja aliona damu kwenye mswaki wangu, akaja nao mkononi.

“Huyu mwanamuke wako anakuuma mu kinywa?” akauliza.

Nikamwambia yote. Alilia kidogo, kisha akauliza jambo la kwanza kabisa: “Sifa anajua?”

“Bado.”

“Utamwambia siku gani?”

“Jibu ikikuja,” nikasema.

Jibu likaja. Daktari alisema ni kansere inayoanza, bado iko juu juu, haijashuka. Kwa kansere ya namna hiyo wangeweza kutumia dawa ya kunywa na mwanga, bila kisu. Kisha akaeleza kwamba dawa waliyokuja nayo ni ya watu wachache, wataanza na wale ambao ugonjwa wao haujaenda ndani. Akachukua kalamu.

“Kwenu kuko mutu mwengine mwenye kuweka tumbako mu kinywa?” akauliza. “Ndugu, jirani, mwenye doa kama hii?”

Nikasema, “Hapana.”

Akaandika. Niliitazama kalamu ikiandika. Sikuwa nimepanga kusema uongo. Ulitoka wenyewe kama mate. Nilichokuwa nafikiri wakati ule ni kwamba dawa ni ya watu wachache, na kwamba Sifa ana watoto watano na mimi watatu, na mtu mwenye huruma kama yule daktari anaweza kuhesabu hivyo. Siandiki haya ili unihurumie. Nayaandika kwa sababu huenda na wewe utaulizwa swali hilo hilo, ukiwa umeogopa kama mimi.

Matibabu yalikuwa mwanzoni mwa kiangazi. Alfajiri nilinywa dawa iliyochanganywa na maji ya machungwa. Ladha yake ni ya uchachu mbaya, na tumbo linageuka, basi kunywa taratibu na uwe na ndoo karibu. Halafu unangoja saa kadhaa katika chumba kilichofunikwa madirisha, maana tangu hapo jua ni adui yako. Dawa huenda kukaa mahali penye ugonjwa. Inafanyaje, sijui, na hata ningejua nisingekuchosha.

Daktari alizima taa akawasha kurunzi ya mwanga wa buluu, akaweka simu yenye kioo maalumu mbele ya kinywa changu, kisha akanigeuzia nione picha. Shavu langu lilikuwa jeusi-buluu, na pale penye doa palikuwa na nyekundu inayowaka kama kaa la moto lililopulizwa. Palikuwa papana kuliko nilivyokuwa nikiona kwenye kioo cha kunyolea. Huo ulikuwa ugonjwa wangu, na kwa mara ya kwanza sikuweza kuudanganya. Nilimfikiria Sifa pale pale. Nikafumba macho.

Kisha waliniwekea kinywani kitu cha plastiki chenye mwanga mwekundu. Taa ile inatumia betri iliyochajiwa kwa jua, hivyo usiogope umeme kukatika. Inawaka dakika chache, inapumzika, inawaka tena. Inauma. Fikiria pilipili kali imepakwa juu ya jeraha na huruhusiwi kutema. Mama Adela alinigonga goti kwa kidole kila dakika ilipopita ili nijue muda unakwenda, na kidole kile kilinisaidia kuliko sindano ya ganzi. Mwishoni daktari alitazama tena kwa mwanga wa buluu. Nyekundu ilikuwa imefifia, na akasema ndivyo inavyotakiwa, dawa imeunguza ilichokuja kuunguza.

Siku mbili zilizofuata sikutakiwa kuona jua. Feza alipigilia vitenge viwili dirishani na kutundika blanketi mlangoni. Uwe mwangalifu hata na mwanya mdogo: mchana wa kwanza mstari wa jua ulipita chini ya kitenge ukanishika mguu nikiwa nimelala, na ngozi ikawa kama iliyomwagiwa maji ya moto. Shavu lilivimba, sikuweza kumeza ila maji na uji wa baridi. Kwa majirani, na kwa Sifa pia, tulisema ni malaria; nilimwomba Feza angoje nipone kwanza.

Siku ya pili, mchana, nikasikia sauti upande wa pili wa blanketi.

“Hodi, bwana mudogo. Feza anasema iko malaria. Malaria gani hii inaogopa jua?”

Alikuwa Sifa. Feza alikuwa amekwenda kuchota maji. Nilimwambia asiingie, nikasema macho yananiuma.

“Sitaingia. Sikuje kukuiba,” akasema. “Nimekuletea uji ya muchele. Kinywa nayo iko inakuuma? Nasikia unaongea mubaya.”

“Kidogo.”

“Na mimi vile. Sasa hata ndizi iko inaniuma.” Akacheka. “Basi tuko wawili. Tutazeeka bila meno, bwana mudogo, tutabaki kupigania uji.”

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Maneno yalitoka mazito, kama ulimi unagonga kitu njiani. Huenda alikuwa akiongea vile kwa miezi na sikuwa nimemsikiliza, kwa sababu tangu mavuno nilikuwa namkwepa. Kati yetu palikuwa na blanketi tu. Hakuniona uso. Ningesema, Sifa, nenda hospitali kesho. Maneno manne, na kinywa changu kibovu kingeyaweza.

Nikasema, “Acha uji hapo chini.”

Akauacha, akaniombea kupona, akaondoka. Nilisikia kandambili zake mpaka barabarani. Uji ule niliunywa. Alikuwa ametia sukari kidogo, kama ninavyopenda, na niliunywa wote.

Mvua ziliporudi nilikwenda kupimwa tena. Mwanga wa buluu, simu, picha. Shavu lote lilikuwa na rangi moja. Hakukuwa na nyekundu hata kidogo. Mama Adela alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilirudi nyumbani nikitembea kama kijana, nikamweleza Feza, nikakaa nikingoja furaha yake. Yeye alifunga kitenge chake vizuri kiunoni.

“Sasa umepona,” akasema. “Simama, twende kwa Sifa.”

Tulimkuta amekaa nyuma ya nyumba, amekonda. Meza ya sokoni alikuwa amemwachia binti yake. Sikusema mengi, nilisema tu kuna daktari anayetazama vinywa na nitampeleka. Yaya Amisi alinishukuru kwa kumfikiria mke wake. Alinishukuru mara mbili.

Niliomba niwepo chumbani wakati anatazamwa, na daktari akaniruhusu. Shavu la Sifa liliwaka nyekundu mpaka kwenye ufizi. Daktari aliweka simu kando, akavaa glavu, akapapasa taya kwa kidole muda mrefu.

“Mama, hii iko tangu siku gani?”

“Tangu wakati ya kuvuna mupunga,” Sifa akajibu. “Kwanza ilikuwa kidogo tu. Nyeupe.”

“Kama ungekuja ile wakati,” daktari akaanza, kisha akaacha. Akaeleza polepole kwamba mwanga hauingii ndani sana, na ugonjwa umeshuka mahali ambapo taa haifiki. Ilibidi Bukavu, na kisu. Wakati Sifa anavaa viatu, daktari alivuta faili langu kutoka rundoni, akafungua ukurasa wa swali lile, akausoma. Aliniangalia. Akalirudisha faili rundoni. Ningependa angesema neno.

Walimkata sehemu ya taya ya kushoto na ya shavu. Yaya Amisi alikaa naye Bukavu wiki saba. Walipotelemka kwenye ndege ndogo hapa Kasongo, watoto wawili wadogo wa Sifa waliuogopa uso wake, wakajificha nyuma ya nyanya yao. Mimi nilibeba mizigo. Watu waliniita shemeji mwema, kwa sababu nilikuwa wa kwanza kumpeleka kwa daktari, na Yaya Amisi alilisema hilo mbele ya wageni wote waliokuja kumpa pole. Nilivumilia sifa hizo kwa majuma mengi. Tumbaku nilikuwa nimeacha, lakini uongo ule nilikuwa nao bado, na sikupata pa kuutemea.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia sikuweza tena. Kufunga na neno lile kifuani niliona ni kujichosha bure. Nilikwenda mchana, Yaya Amisi akiwa msikitini. Sifa alikuwa ameketi kitandani, kitambaa kwenye taya. Nikakaa chini kwenye mkeka nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ya mavuno nilijua doa lile ni nini, kwamba nilikuwa nalo langu. Nilimwambia juu ya kalamu ya daktari na neno langu. Nilimwambia kwamba siku aliponiletea uji sikuwa na malaria.

Siku hizi anaongea polepole, na mate yanamtoka upande mmoja, anayafuta kabla hujayaona. Aliyafuta.

“Ile siku ya blanketi,” akasema, “ulisikia sauti yangu?”

“Nilisikia.”

“Na ukajua?”

“Nikajua.”

“Ulikuwa unaogopa nini?”

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, au matusi, au kufukuzwa. Kwa swali hilo sikuwa nimejitayarisha. Nikamjibu kweli, kwamba mwanzoni niliogopa dawa itamfikia yeye na kuniacha mimi, na baadaye, nilipokwisha kuipata, niliogopa atajua kwamba nilikuwa nimejua.

Aliangalia mikono yake. Kidonda chake kinapona, lakini daktari anasema tungoje mwaka mzima ndipo tuseme amepona, na sote tunangoja. Wewe unayesoma, ukienda kwa daktari akakuuliza kama kuna mwingine, mtaje. Mtaje hata kama wewe hujapewa dawa bado. Najua jinsi inavyokuwa ngumu. Najua zaidi inavyokuwa baada ya hapo.

“Mimi ningekuambia,” Sifa akasema mwishowe.

Hakulisema kwa hasira. Alisubiri apate pumzi, akafuta mdomo.

“Hata kama dawa ilikuwa ya mutu mumoja, Assani. Ningekuambia.”

Ni kweli. Namjua. Angeniambia siku ile ile.